Kitufe Kisichoitikia Hodi

Tangu nizaliwe sijawahi kubonyeza kitu mara mbili. Weka hilo akilini kabla hatujaanza, maana wapo watakaokuambia vinginevyo, na mmoja wao ana mtoto mgongoni. Kidole changu cha shahada, cha mkono wa kulia, kimetulia kama hakimu aliyetoka kula. Kikishuka, kimeshuka. Kikipanda, kazi imekwisha. Serikali yenyewe ilikitambua, ikakipa cheo, na mimi nikapata cheo hicho hicho kwa kuwa kidole na mimi tulikuwa hatutenganishiki.

Naitwa Hamduni Kigwaru. Nina miaka ishirini na minne, cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo hatutazizungumzia hapa, na cheti kingine cha miezi mitatu kutoka chuo cha kompyuta kilichokuwa juu ya duka la dawa. Kwa sifa hizo nchi yetu ikanikabidhi kitufe.

Nchi yetu ipi? Kwa sasa haina jina. Sababu nitaieleza ikifika zamu yake.

Mambo yalianza pale Serikali ilipoamua kwamba raia wasipange foleni tena, kwa kuwa foleni zilikuwa zinaonekana kwenye picha za wageni. Ikaamriwa itengenezwe programu ya simu, ikaitwa Serikali Kiganjani, na humo mwananchi angeomba kila kitu: kuzaliwa, kuoa, kujenga choo, kulalamika, na kufa kwa utaratibu. Chini ya kila fomu palikuwa na kitufe kimoja cha kijani chenye neno WASILISHA. Wenzangu walitengeneza fomu. Kitufe kilikuwa changu.

Nilikipamba, sitaki kusema uongo. Nilikizungushia kona, nikakitilia kivuli, nikakaa wiki mbili nachagua aina ya kijani. Kilibaki na kasoro moja tu, nayo aliiona Tausi, dada wa meza ya jirani, ambaye kazi yake ilikuwa kujaribu kila tulichotengeneza mpaka kiharibike.

Tausi alikigusa, akasubiri. Mtandao wetu unaujua: ujumbe ukitoka kwenye simu ya raia kwenda kwenye mashine kuu ya Serikali huenda kwa miguu, na njiani hupumzika. Akagusa tena. Akagusa tena. Halafu akafungua mashine kuu, akakuta maombi matatu yanayofanana kama mapacha.

Akaniambia bila hata kugeuka, "Hamduni, kitufe chako kimenuna. Mtu anakigusa, kinakaa vile vile kama hakijaguswa. Kifunge baada ya mguso wa kwanza, kiandike kwamba kimesikia, majibu yakirudi kifunguke. Na kule kwenye mashine kuu, ombi lile lile likija tena litambulike, lirudishwe. Kazi ya mchana mmoja."

Mchana wenyewe ulikuwa wa pilau ya kumuaga karani mkuu. Nikamweleza Tausi, huku nanawa mikono, kwamba kitufe cha dola si muuza karanga, hakipigi soga na wapita njia.

"Dola haisemi nimesikia," nilimwambia. "Dola husikia kimyakimya."

Tausi akayaandika maneno yangu kwenye daftari lake, na pembeni akatia tarehe. Ana tabia mbaya sana ya kutia tarehe.

*

Sasa kuna jambo moja kuhusu watu wa kwetu ambalo nililijua tangu utotoni, lakini nikilisahau kila nilipokaa mbele ya kompyuta. Kwetu mtu hapigi hodi mara moja. Anayegonga mara moja ni askari, au ameleta habari ya msiba. Mwenye adabu husema hodi, anangoja, hodi, anangoja, hodi. Akiitikiwa ile ya kwanza, hizo nyingine hazina kazi. Asipoitikiwa anamaliza zote tatu ndipo aondoke. Mama yangu alinifunza hivyo kwa kofi, na kofi lenyewe lilikuwa moja.

Kwa hiyo siku ya uzinduzi raia walipopewa mlango wa Serikali kiganjani, waliubisha kama walivyolelewa. Wakagusa, wakangoja. Kimya. Wakagusa. Kimya. Wakagusa ya tatu, wakaweka simu mfukoni wakiwa na hakika kwamba mwenye nyumba hayupo.

Mwenye nyumba alikuwepo, na alikuwa anaandika. Mzee mmoja aliyeomba kibali cha choo alipata vibali vitatu na amri ya kujenga vyoo vyote vitatu kabla ya masika. Mwalimu mmoja alistaafu mara tatu, akafanyiwa sherehe tatu, na katika ile ya tatu alilia kweli. Bibi mmoja alilalamika kuhusu jirani yake mwenye jogoo, na Serikali ikatuma vikosi vitatu. Jogoo alikuwa mmoja, vikosi vikagombana. Na Katibu Mkuu, mtu wa adabu kupita wote, alipoliingiza jina la nchi kwenye mfumo, naye alipiga hodi tatu. Mashine kuu ikajibu kwamba zipo nchi tatu zenye jina hilo, kwa hiyo jina limesimamishwa hadi zipatane. Ndiyo maana mpaka leo bahasha zetu rasmi zinaandikwa "Nchi Husika".

Ikaitishwa kamati. Aliiongoza Mheshimiwa Daktari Mzuzuri Pandambili, Waziri wa Mawasiliano, aliyetunukiwa udaktari na chuo alichokifungua yeye mwenyewe kwa mkasi. Akauliza kama kitufe kina tatizo. Watu wote kumi na wanane wakageuza shingo kunitazama. Tausi alikuwa mlangoni na daftari lake.

Ningeweza kusema. Sentensi ilikuwa fupi. Badala yake nilisimama, nikafunga kifungo cha koti, nikasema, "Mheshimiwa, kitufe ni kizima. Tatizo ni vidole."

Sijawahi kuona mtu akifurahi namna ile. Kitufe kingekuwa na kosa, kosa lingekuwa la wizara. Vidole ni vya wananchi.

Jioni ile Mheshimiwa alilihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "uchunguzi wa kina uliofanyika leo kati ya saa nne kamili na saa nne na robo umebaini kwamba taifa hili lina vidole milioni themanini, na walio wengi, namaanisha vilivyo vingi, havijapata elimu ya aina yoyote. Hatuwezi kujenga nchi ya kisasa kwa vidole vinavyotapatapa. Mguso mmoja, taifa moja."

Ikapitishwa Sheria ya Mguso Mmoja. Zikafuata semina za siku tatu, na watoto wa shule wakawa wanagusa ukuta mara moja na kukaa pembeni kumpisha mwenzao. Wakaajiriwa Wakaguzi wa Vidole wenye rula. Aliyeonekana ana kidole chenye haraka alifungwa gango, na mafundi wa mifupa, ambao siku hizo walikuwa hawana kazi, wakapata heshima. Kisha ikaamriwa kila raia asajili vidole vyake kumi kupitia Serikali Kiganjani. Wakasajili, wakagusa WASILISHA. Kila raia akawa na vidole thelathini, na vile ishirini visivyojulikana vilipo vikatangazwa kuwa vinatafutwa.

Mimi nikateuliwa Mkurugenzi wa Utulivu wa Kidole. Nilipewa ofisi, zulia na kiti kinachozunguka. Kidole changu kikapigwa picha, ikabandikwa kwenye kila kliniki ya nchi. Kucha ilikuwa na uchafu kidogo, lakini walisema uchafu ule unaniweka karibu na wananchi.

*

Hapo ndipo akaja Sikudhani.

Sikudhani alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini hivi, na alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Salme. Alimsajili kwenye simu akiwa bado kitandani, akagusa kwa adabu zake tatu, akalala. Alipompeleka Salme kliniki kuchanjwa, muuguzi alitazama kioo cha kompyuta yake, akamtazama mtoto, akatazama nyuma ya Sikudhani kama kuna wengine wanakuja.

"Wako wapi Salme wawili waliobaki?"

Sikudhani akasema amezaa mmoja. Muuguzi akasema kioo kinasema watatu, wote Salme, wote wamezaliwa saa ile ile, na akamshauri kwa upole asijisahau. Kabla ya saa sita askari walikuwa nyumbani kwake. Walitafuta chini ya kitanda. Walichimba alipopanda mchicha. Mmoja alifungua droo ya cherehani, akaita taratibu, "Salme?" Hawakupata kitu, ndipo ikaandikwa barua: Sikudhani anashukiwa kuficha watoto wawili wa taifa; asipowaleta mbele ya Tume ya Vidole siku ya Alhamisi, huyu mmoja aliyebaki atachukuliwa akatunzwe na Serikali, asije akapotea na yeye.

Akaja ofisini kwangu siku ya Jumanne. Nilikuwa nazunguka kitini. Nikasikia hodi, nikataka nimalize mzunguko kwanza. Hodi ya pili ikanikuta nimeelekea dirishani. Ya tatu nikanyamaza kabisa, nikidhani ataondoka kama ada ilivyo. Hakuondoka.

"Hodi ya nne," alisema nje ya mlango. "Najua umo, kiti kinalia."

Akaingia, Salme mgongoni, sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Alianza kwa kuniita Mheshimiwa Mkurugenzi, kisha akaniangalia vizuri, akaona umri wangu, Mheshimiwa ikamtoka.

"Mdogo wangu, nimepiga hodi tatu, nikaongeza ya nne. Unajua kwa nini?"

Nikasema labda hajahudhuria semina.

"Kwa sababu hukuitika. Ungesema karibu ile ya kwanza, ningenyamaza. Na hicho kitufe chenu ni hivyo hivyo. Nimekigusa kimekaa kimya, nikajua hakijasikia. Ningefanyaje? Sasa mnanidai watoto wawili ambao sijawazaa, na keshokutwa mnamchukua niliyemzaa."

Salme akatoa mkono nje ya kanga, akaushika ukingo wa meza yangu. Alikuwa na vidole vitano vidogo, na kwa hesabu za Serikali vilikuwa kumi na vitano.

Nitasema ukweli hapa kwa sababu najua umeshauona. Mwanamke yule alikuwa amenieleza kosa langu lote kwa pumzi moja, tena bila kompyuta, na alisema lile lile aliloliandika Tausi na kulitia tarehe. Dawa yake niliijua. Ilikuwa mistari kama kumi na miwili ya programu: kitufe kiitike, kijifunge, kisubiri. Ningeiandika mchana ule ule. Lakini kesho yake watu wangeuliza kwa nini kitufe sasa kinaitika, na kwa nini zamani hakikuitika, na nani alikuwa anakula pilau. Na kiti kilikuwa kinazunguka, jamani. Wewe hujawahi kukikalia.

Nikamwomba anionyeshe kidole chake. Akakitoa. Nikakipima kwa rula, nikaandika "wasiwasi wa wastani", nikampa kipeperushi cha Mguso Mmoja.

Akakitazama kipeperushi, akatazama mkono wangu. "Ndicho hiki cha kwenye picha?"

Nikasema ndicho.

"Nilidhani ni kirefu zaidi," akasema, akamrudisha mtoto vizuri mgongoni, akatoka.

*

Tume ilikaa Alhamisi saa tatu asubuhi katika ukumbi wa wizara. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Pandambili mwenyewe, kwa hoja kwamba hakuna mtu anayeweza kuichunguza wizara yake vizuri kumshinda yeye anayeipenda. Utaratibu ulikuwa rahisi: hakuna shahidi anayeingia kabla ya kujisajili kwa Serikali Kiganjani, na mwita mashahidi, mzee mmoja mwenye sauti ya mnadani, anasoma majina kama mashine kuu inavyomletea.

Nilifika nimechelewa. Katika ukumbi wa nje palikuwa na mabenchi mawili. Nikaketi lile la mbele, nikatoa simu, nikajaza jina langu, nikashughulika na kitufe inavyostahili, nikaingia. Hapo hakuna zaidi la kusimulia. Kwenye benchi la nyuma palikuwa na watu, sikuwaangalia.

Shauri likaanza na Sikudhani. Mwenyekiti akamuuliza wako wapi Salme wawili. Akajibu hawapo. Mwenyekiti akamuuliza hawapo wamekwenda wapi. Akajibu hawajawahi kuwepo. Mwenyekiti akavua miwani.

"Mama, mashine kuu ya Serikali haina mimba, haina usingizi wala haina hasira. Haikosei. Ikiandika watatu, ni watatu. Tumwite mtaalamu."

"Shahidi wa kwanza," akaita mzee. "Hamduni Kigwaru."

Nikasimama. Nilikuwa nimevaa suti. Nikaieleza Tume historia ya kidole tangu enzi za mababu, nikagusa juu ya utulivu, nikataja mfano wa kidole changu mwenyewe, na mwishoni, ili nisibakize shaka, nikatamka maneno ambayo Katibu wa Tume aliyaandika yote: kwamba kitufe cha WASILISHA hakina dosari, na kwamba kila jina lililomo ndani ya mashine kuu ni kiumbe hai, anapumua, na yupo mahali.

Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kuridhika. Askari wa kike akasogea karibu na Sikudhani, akanyoosha mikono kumpokea mtoto. Sikudhani akaikaza kanga.

"Shahidi wa pili," akaita mzee. "Hamduni Kigwaru."

Nilikuwa bado nimesimama. Nikadhani ananipongeza.

Mzee akatazama kioo chake, akanitazama, akarudi kwenye kioo. Sauti ikampungua. "Shahidi wa tatu. Hamduni Kigwaru." Akasogeza kioo karibu na macho. "Wa nne, Mheshimiwa. Hamduni Kigwaru. Wote wamefika saa tatu na dakika saba."

Mtu mmoja huko nyuma akaanza kucheka, akajifanya anakohoa. Alikuwa Tausi.

Mwenyekiti akainama mbele. Usimdharau Mheshimiwa Pandambili. Akikutana na jambo lisilomhusu yeye, akili yake hufanya kazi vizuri kabisa. Alisema mambo ni mawili. Kama nimegusa mara moja, basi mashine kuu ni kweli tupu, tuko wanne, wale watatu watafutwe na askari kuanzia leo. Na kwa ukweli huo huo mama huyu ana watoto watatu, mtoto achukuliwe. Kama nimegusa mara nne, basi kumbe mtu mmoja anaweza kuandikwa wanne na akabaki mmoja. Mama aende na mwanawe nyumbani, na aliyetengeneza kitufe abaki hapa.

"Kigwaru. Uligusa mara ngapi?"

Wote wakanitazama, hata Salme. Mikono ya yule askari ilikuwa imeshaishika miguu yake midogo. Neno lililotakiwa lilikuwa moja, nami nilikuwa nalo mdomoni. Nikaanza kulitoa, nikakikumbuka kiti.

"Mara moja, Mheshimiwa," nikasema. "Hao watatu ni ndugu zangu. Tunafanana."

Sikudhani akasimama.

Hakuitwa, na kwa utaratibu alipaswa kujisajili upya. Alisema tu hodi. Na Mwenyekiti, aliyelelewa kama sisi wote, akajikuta amejibu karibu kabla hajakumbuka kwamba yeye ni Tume.

"Mheshimiwa, nilikuwa benchi la nyuma yake," alisema Sikudhani. "Simu yake niliiona yote. Aligusa ya kwanza, akangoja. Akagusa ya pili, akaipuliza simu. Ya tatu. Ya nne alitumia kidole gumba."

Mwenyekiti akauliza kama nilikuwa peke yangu. Sikudhani akasema nilikuwa peke yangu, hakuna ndugu yeyote. Mwenyekiti akauliza kama nilisema neno lolote. Sikudhani akamtoa mtoto mikononi mwa askari, akampakata mbele, akajibu akinitazama mimi.

"Alisema, Mheshimiwa. Baada ya ile ya tatu alisonya, akasema: Hivi mjinga gani ametengeneza kitufe hiki?"

Katibu wa Tume, bila kuagizwa, akaandika jina langu. Mara moja.